Mfuko wa Unga Kwenye Kiti cha Nyuma

Gari la baba lilikuwa Ford, la mwaka ishirini na tisa,
jeusi, lenye miguu myembamba kama ndama aliyezaliwa usiku.
Ukitaka liamke, ulipiga hendeli mbele yake,
na kama hukujua pa kuweka kidole gumba
lilikuvunja mkono, kisha likanguruma kwa raha zake.
Baba alilisemesha. Alilitukana kwa Kihispania,
alilibembeleza kwa Kireno cha mpakani,
na kwenye kilima cha Aceguá tulishuka sote tukalisukuma,
mama na viatu vyake mkononi.

Hili la Guidaí, mjukuu wangu, halisukumwi.
Lina viti saba na vishikio vya vikombe kumi na kimoja;
nimevihesabu.
Linawaka kwa kidole. Halinuki kitu.
Ukilirudisha nyuma linakuonyesha mgongo wako
kwa mistari ya kijani, kama daktari.
Watoto wamelala humo, midomo wazi,
kilomita mia na kumi kwa saa,
na chai yangu haimwagiki kibuyuni.

Sisemi la kale ndilo bora. Wanaosema hivyo
hawakupanda nyuma mwezi wa Julai,
upepo wa kusini ukipenya chini ya turubai
ukikutafuta mfupa mmoja mmoja.
Wao huliona siku ya maonyesho, limepigwa rangi,
wakapiga picha,
wakarudi kwao kwa gari lenye hita.

Jumamosi tulitoka dukani, Melo. Unga, kilo ishirini na tano,
nikauweka kiti cha nyuma. Gari likaanza:
ti, ti, ti. Taa nyekundu.
Guidaí akacheka: "Linadhani ni mtu, bibi."
Ti, ti, ti. Nani huyo hajafunga mkanda?
Nani huyo?

Mwaka hamsini na nane, kona ya kisima cha Etchegoyen,
mlango wa Ford ulifunguka wenyewe, kama kawaida yake;
kamba tuliyoufungia ilikuwa imeazimwa, imefunga ndama.
Dardo alikuwa na miaka saba, na chungwa mkononi.
Hakuna kilicholia. Injini iliimba vilevile,
baba akiisemesha, mimi nikitazama ng'ombe.
Tulikwenda mwendo wa kuhesabu mia
kabla mama hajageuka kumpa kitambaa.

Baba hakuliuza. Hakuliendesha tena.
Liko bandani, kuku wanataga kitini,
na watu wa maonyesho huja na pesa,
wakaupapasa mlango ule ule, wakasema:
vyuma vya zamani hivi, si vya leo.
Kweli. Si vya leo.

Ti, ti, ti.
"Lipuuze, bibi, litanyamaza."
Sikulipuuza. Nilijipinda na mgongo wangu huu,
nikavuta mkanda, nikaupitisha kifuani mwa unga,
nikaubana mpaka ulipolia: tak.

Likanyamaza. Tukaondoka.