Rafu ya Chini

Mutheu, una siku ishirini na mbili
na tayari watu wengi wameshakuamulia cha kunywa.

Nyanya yako alipiga simu kutoka Kibwezi
kwa salio la kukopa, akasema mbiombio kabla halijakatika:
uji mwepesi wa mtama, kijiko kimoja tu,
nyinyi wote niliwaanzishia uji na hakuna aliyekufa.
(Mwongeli alikufa. Huyo hatajwi.)

Sista Chelagat wa zahanati ana bango ukutani,
na mama wa bangoni hajawahi kukosa usingizi.
"Miezi sita, ziwa tupu, hata maji usimpe,"
akapiga muhuri, akamwita anayefuata.
Sikupata nafasi ya kumuuliza
ziwa litabakije Kayole
na kifua kiko Upper Hill.

Maana mimi ni bawabu.
Nafungua na kufunga lango la watu wengine
saa kumi na mbili kila siku,
nachungulia chini ya magari yao kwa kioo chenye mpini.
Sheria inasema miezi mitatu.
Mkataba wangu unasema mimi ni kibarua.
Nimepewa wiki nne, kwa hisani,
kwenye barua yenye nembo ya simba.

Baba yako alileta kopo.
Alilishika kwa mikono miwili, kama aliyebeba mayai.
Nikasoma bei juu ya mfuniko; nikaisoma tena.
Siku tano za Kilunda za kuchanganya zege
zimegeuka unga mweupe,
na muuza duka kasema ni wiki moja, mtoto akiwa mpole.
Wewe si mpole.

Sikulitukana kopo. Hilo ulijue ukikua.
Nyaboke wa mlango wa tatu, maziwa yalimkataa,
alikamua mpaka damu,
akalea pacha kwa kopo
na leo pacha hao wanatuvunjia vioo kwa mpira.
Anayemcheka mwenye chupa
hajakesha na kifua kikavu na mtoto analia.
Lakini kopo linataka maji,
maji yanataka moto,
gesi yetu iliisha Jumanne,
na mitungi ya ploti hii
hakuna anayejua ilijazwa wapi.

Juzi usiku nikajikamua.
Nilikaa ukingoni mwa kitanda, tochi ya simu juu ya kabati,
kikombe cha bati chenye ua la buluu mapajani.
Tone. Tone. Halafu ule uzi mwembamba
ukapiga ukuta wa kikombe
kwa mlio niliousikia mara ya mwisho zizini, kwa mbuzi wa babu.
Nikacheka peke yangu, nikalia.
Sikumbuki nilianza na kipi.
Yalipatikana ya vidole vitatu.

Friji hatuna.
Saa kumi na moja alfajiri nikabisha kwa Mama Habon
anayewauzia watoto wa ploti barafu za rangi.
Nilikuwa nimejiandalia maneno.
Hakuniacha niyamalize.
Alisogeza barafu nyekundu, akasogeza za manjano,
akauliza, "Mtoto anaitwa nani?"
Akaandika jina lako kwenye kipande cha plasta
kwa kalamu ya wino mzito, akasahau herufi ya H,
akakibandika.
"Rafu ya chini," akasema.
"Ya juu watoto huchokora."

Basi ndivyo itakavyokuwa, kwa sasa.
Binamu yako Syokau atakunywesha kwa kikombe,
polepole, kichwa kimeinuliwa; nimemwonyesha mara nne.
Mimi saa saba nitakamua katika kibanda cha lango,
mgongo kwa kamera.
Usiku ni wako wote, pande zote mbili.
Na kopo liko juu ya kabati, halijafunguliwa.
Sijalirudisha dukani.
Siku nikilifungua
sitamwomba mtu msamaha, hata wewe.

Kazini ni Jumatatu.
Leo ni Jumamosi, mvua inapiga mabati,
na mkono wako umenishika kola kama mwenye deni.
Nyonya.