Mzizi Usiojua Chini

Katika chumba kisicho na dirisha, Maseno,
hatua mia mbili kutoka mstari wa ikweta,
nimeilinda miche kumi na miwili
siku arobaini na moja.

Taa ni za zambarau. Ukitoka nje
dunia nzima huwa ya kijani kwa dakika tano:
mbuzi wa kijani, bawabu wa kijani,
hata chai ya Oriedo.

Kila mche umefungwa kwenye gurudumu
linalozunguka polepole, usiku na mchana,
ili mzizi usijue chini ni wapi.
Huko juu, walisema, hakuna chini.
Basi tuizoeze.

Ikapotea. Mzizi mmoja ulipinda kushoto,
ukasita, ukarudi,
kama mtu aliyeamka usiku stima imepotea
akipapasa ukuta, akitafuta mlango
wa nyumba yake mwenyewe.

Mbegu ni za mama.
Perisi Ayuma, soko la Luanda,
safu ya tatu kutoka kwa wauza omena,
apimaye mnavu kwa kiganja, na akikupenda
huongeza vijani viwili bila kukutazama.
Alizifunga kwenye kipande cha gazeti,
akauliza, "Ni akina nani hao wenye njaa?"

Watu, nikasema, wanaokaa miezi sita
ndani ya mkebe unaozunguka dunia,
wakila vya pakiti, vilivyokaushwa,
wakiota kitu chochote kibichi
kinachovunjika mdomoni kwa sauti.

"Na maji?"
Maji huko hayamiminiki, mama. Yanajikunja,
yanaelea kama yai lisilo na ganda.
Na ni yale yale: jasho, pumzi, mkojo,
huchujwa, hunywewa, hurudi mizizini.
Alicheka hadi akashika ubavu.
"Kwa hiyo wamegundua samadi."

Barua ilifika Jumanne. Maneno ya heshima.
Mnavu umestahimili. Umekua. Majani mapana.
Ila huko juu hakuna sufuria, hakuna moto;
jani huliwa lilivyochumwa,
na mnavu mbichi ni mchungu, tena hukata tumbo.
Wamechagua saladi.
Oriedo alizima swichi. Gurudumu
likazunguka kidogo kwa mazoea, likatulia.

Ningemwambiaje yeye
anayejua kungoja chungu: maji ya kwanza yamwagwe,
maziwa yaingie, chungu kilale,
kesho maziwa tena,
siku ya tatu ndipo mgeni aitwe?
Nilimwambia vivyo hivyo, mlangoni, sanduku mikononi.
Alinyamaza. Akaigusa miche kwa mgongo wa mkono
kama anayepima homa ya mtoto.
"Hawana siku tatu?"
Wana miezi sita, mama.
"Basi si muda wanaokosa."

Tukaipanda nyuma ya jiko, penye jivu la zamani,
kabla mvua ya saa tisa haijafika.
Siku ya nne, kwa siri, nilifukua mmoja.
Mzizi ulikuwa bado na kona zake,
kushoto, kulia, mzunguko mzima,
mwandiko wa mtu asiyejua sentensi itaishia wapi.
Kisha, tangu ulipogusa udongo wa Bunyore,
mstari mmoja mweupe,
chini.
Niliufukia haraka, nikaona haya
kama niliyefungua barua ya mwingine.

Wiki ya tano tulichuma.
Jioni moja nyota isiyomemeteka
ilipita juu ya mabati ya Luanda, haina haraka,
nikamwonyesha: ndio wale.
Mama aliinua uso, mwiko mkononi,
akaifuata hadi ilipozama upande wa Kisumu.
"Wakishuka," akasema, "waelekeze hapa.
Chungu kiko siku ya pili."