Mlango wa Uani

Aliileta imefunikwa shuka la kitanda.
Mabawa kayaacha nyumbani, Kijitonyama;
kiwiliwili tu, kirefu kumshinda mtoto wa darasa la nne,
na puani injini ya petroli, silinda moja,
ujazo wake kikombe cha kahawa.
Likwepa hakumaliza hata salamu.
"Inazima," akasema.
Inazimia wapi?
"Juu. Dakika ya sita. Kila mara dakika ya sita."

Mimi ni fundi bati. Gerezani wananijua
kwa mabomba ya moshi ya majiko ya hoteli,
kwa masanduku ya wanafunzi wa bweni.
Ndege sijapanda hata ya watu.
Lakini joto nimekaa nalo, saa nane mchana,
fulana imeganda mgongoni,
nyundo inateleza mkononi kama sabuni.

Nikakagua alivyoifunga, nikamheshimu.
Nguzo nne za alumini kwenye ubao wa kifua,
washa pana kwa nyuma ili plai isimung'unyike,
thredi zote zimepakwa gundi ya bluu,
mpira wa mafuta umepita mbali na ekzosi.
Aliyekaza nati hizi si mtu wa mzaha.

Kisha akaivika kofia yake ya faiba,
nyekundu, imesuguliwa hadi unajiona,
na mbele mdomo wazi
kama wa mgombea wiki ya mwisho ya kampeni.
"Nimeutanua mara mbili," akasema,
"upepo unaingia tele, na bado inachemka."
Nikapitisha mkono chini, nyuma, ubavuni.
Unatokea wapi?
Kimya.
Palikuwa na tundu la ekzosi, basi,
na ufa wa kuingiza kidole kimoja.

Nyumba ya bibi, Magomeni Mapipa, mwezi wa pili:
vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati,
mlango wa mbele wazi pande zote mbili
na sisi sakafuni tunatweta.
Mpaka mtu ajikokote hadi mwisho,
asukume pipa la maji, afungue wa uani.
Hapo mapazia yote sita yananyanyuka
kama yameitwa majina.
Upepo hauingii nyumba, Likwepa.
Upepo hupita nyumba.

Tukakata katoni ya sabuni kuwa kipimo,
tukaijaribu, tukaikata tena,
kisha bati laini likaizunguka silinda,
likaacha upenyo wa unene wa sarafu mbele ya mapezi;
maana hewa ni mvivu, ikiona pembeni pako wazi
haijisumbui kupenya penye kazi.
Mdomo tukauziba nusu.
Chini nikapasua dirisha mara tatu ya mdomo
(alifumba macho msumeno ulipogusa ile rangi nyekundu)
na ukingo wa mbele nikaukunja nje kidogo, kama kope,
ili upepo unaopita ufyonze ulio ndani.

Jumapili, saa moja asubuhi, Kunduchi, penye mashamba ya chumvi.
Propela akaipiga kwa fimbo yenye mpira: mara ya kwanza, ya pili,
ya tatu ikanguruma, mbwa wa mlinzi wakakimbia.
Ikapanda.
Mimi nilishika saa.
Dakika ya nne alikuwa anaongea.
Ya tano akaacha.
Ya sita nilisikia meno yake.
Ya saba.
Ya nane ikapita juu yetu, sauti ileile,
na yeye, vidole kwenye rimoti, machozi au jasho, sikuuliza.

Ilipotua nikalamba kidole, nikagusa silinda.
Tss. Fupi. Kama pasi iliyo tayari kwa hariri.

Jumatatu nimefungua karakana mapema.
Nimehamisha shehena ya mabati
iliyoegemea dirisha la nyuma
miaka kumi na moja.