Utambi Mkavu

Bani la Kalunde liko Usoke, ng'ambo ya reli,
matofali mabichi, bati kumi na nne, mlango wa mninga.
Jua halijawahi kuingia humo
na bado kuna nyuzi thelathini na nane.

Nilifika na chati ya chuoni, imekunjwa mara nne,
mistari imepinda kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe.
Chini, joto. Pembeni kulia, maji yaliyobebwa na hewa.
Na konani, kwa herufi ambazo sikuwahi kuzisoma hadi usiku ule:
"imechorwa kwa usawa wa bahari."
Bahari! Sisi tuko juu yake mita elfu na mia mbili,
hewa yetu nyembamba ina mikono yake ya kubebea.
Nikachukua penseli, nikaanza kusahihisha.

Kalunde akainama na taa ya simu.
"Hii nukta?"
Hewa ya ndani, nzito, imekunywa jasho la majani.
"Na hii?"
Hewa ya nje, nyuzi ishirini, imetoka kunyeshewa.
Nikaziunganisha kwa rula. Ukifungua tundu la chini
zinakutana juu ya mstari huu huu, si pengine.
Mafungu mawili ya ndani, moja la nje:
thelathini na mbili. Nukta inamwegemea aliyekuja na wengi.
Akacheka. "Basi ni wewe huyo.
Baba Mnyamwezi, mama Muha,
na ukikasirika unahesabu kwa Kiha."
Sikujibu. Ni kweli.

Kisha moto. Moto hauongezi maji wala haupunguzi,
unaisukuma nukta kulia, bapa, kama behewa relini.
Maji yale yale, kiu zaidi.
Shigela alikuwa analisha tanuri mtundu mzima,
mti uliomzidi umri mama yake, tangu magharibi.

Tangu saa sita kipimajoto chenye utambi kilikuwa kinapanda
nami tangu saa sita nilikuwa naongeza tundu.
Saa tisa nikachungulia kidirishani.
Kikavu: thelathini na nane.
Cha utambi: thelathini na nane.
Kwenye chati hapo ni ukingoni, hewa imeshiba,
majani yataoza kwenye fito.
Nikapiga kelele: fungua yote, juu na chini!
Shigela akafungua, maana mimi ndiye serikali.

Kalunde hakubishana. Aliingia.
Akatoka na jani moja, akaliweka sikioni mwangu, akalifinya.
Likalia kama noti mpya.
Ukingoni lilikuwa na kijani
ambacho sasa hakitatoka.

"Kopo," akasema.
Kopo la utambi lilikuwa tupu,
kitambaa kikavu kama ulimi wa mwenye homa.
Kipimajoto kilichokosa maji husema aliyosema mwenzake,
nami nilikisadiki, nikaweka nukta yangu kwa uangalifu mkubwa
mahali ambapo hewa haikuwapo.

Fito tisa za upande wa mlango. Daraja la mwisho sokoni,
na deni la mbolea si langu.

Nilingoja aitukane karatasi.
"Yenyewe imejibu ulichoiuliza," akasema,
akamimina maji koponi, akasubiri.
Thelathini na saba. Thelathini na tatu.
Thelathini na moja, ikatulia.
Akafunga matundu mwenyewe, yote isipokuwa moja.
Akachukua penseli yangu, akang'ata ncha ya ulimi, akaweka nukta.
Ilikuwa imepotoka kidogo. Sikumwambia.
Alishaanza kuvuta mstari kwenda kwenye hewa ya nje
akauliza, bila kuinua macho,
kama nje bado ni ishirini.

Nikatoka kupima. Mvua ilikuwa imekatika.
Nililowesha kitambaa kwanza,
kwa mate, kwa sababu ndoo ilikuwa kwake.