Mengine Yakibaki Vilevile

Kitabu cha uchumi kilikuwa kimoja, sisi saba,
na wiki, kwa bahati, ina siku saba.
Mwalimu Kasyoka hakuona haya:
"Huo ndio uhaba. Somo la kwanza. Mmeandika?"

Tukakigawa kwa usiku.
Jumatatu kwa Halake wa Pumwani.
Jumanne kwangu, Makongeni.
Jumapili kwa Gathogo, aliyekwenda nacho kanisani
kimevimba chini ya koti kama kosa.
Alhamisi kwa Nasambu, ambaye kwao Kaloleni
taa moja ilihudumia watu tisa
na ilizimwa baba yake alipoanza kukoroma.

Hakikuwa na jalada. Ukurasa wa arobaini
ulikuwa na doa la mchuzi
la mtu aliyefaulu kabla yetu, au aliyeanguka.
Mifano yake ilikuwa ya bunduki na siagi.
Kasyoka akaifuta ubaoni kwa kiganja:
"Siagi hamli. Bunduki hamna.
Wekeni unga na mafuta ya taa."

Jioni hiyo nilimtazama mama
akisukuma sarafu mezani kwa kidole kimoja,
hizi za unga, hizi za mafuta,
akirudisha moja huku, akiitoa tena,
na nikauona, bila karatasi wala rula,
ule mpaka wa uwezekano
uliotutoa jasho tangu asubuhi.
Sikumwambia. Angeuliza unalipa shilingi ngapi.

Kisha chaki nyeupe ikaisha.
Ugavi tukauchora kwa buluu.

"Mengine yote yakibaki vilevile,"
alisema Kasyoka. Alilitamka kwanza kwa Kilatini,
akakohoa, akalirudia kwa Kiingereza cha mtihani,
ndipo akatushushia kwa Kiswahili,
"bei ikipanda, mahitaji hushuka."

Nasambu akanyosha mkono.
"Na yasipobaki, mwalimu?"

Tulicheka. Yeye hakucheka.
Alisimama na kipande chake cha chaki,
akatazama dirishani, upande wa karakana za reli,
kwa muda mrefu kidogo kuliko swali lenyewe.
"Hilo halimo kwenye mtihani."

Hayakubaki.
Muhula wa pili karakana ikapunguza watu,
baba yake Nasambu akarudi nyumbani na bilauri yake ya chai
na barua ya mistari minne.
Kaloleni hakukuwa tena na mtu wa kukoroma,
alikesha. Taa ikazimwa mapema zaidi.

Ndipo Nasambu alipoanza kuuza Alhamisi yake.
Shilingi mbili, mwanzoni. Kisha tatu.
Wiki ya mwisho kabla ya mtihani, tano:
nauli yangu ya siku mbili.
Nikalipa. Nikatembea Barabara ya Jogoo
asubuhi mbili, viatu mkononi mvua iliponyesha,
nikijiona mwanauchumi.

Swali la tatu: Eleza gharama ya fursa.
Toa mfano.
Niliandika juu ya mkulima, shamba lake moja,
mahindi au maharagwe.
Alama zote nilipata, nadhani.
Mkulima huyo sijawahi kukutana naye.

Siku ya kukirudisha kitabu
nilikuwa wa mwisho kukishika.
Nikakifungua penye lile doa,
na pembeni, kwa penseli hafifu, mwandiko wa Nasambu:
safu ya bei, safu ya majina.
Kwenye mbili, Halake, Gathogo, Wanza, mimi.
Kwenye tatu, Gathogo na mimi.
Chini yake alikuwa ameunganisha nukta,
mstari ukateremka taratibu,
msafi kuliko ule wa kitabuni,
hadi kwenye shilingi tano,
ambapo palikuwa na jina moja.

Nilitafuta kifutio mfukoni.
Sikuwa nacho. Nikakipeleka hivyo hivyo.