Kurasa Kumi na Mbili

Daftari la wageni, ukurasa wa Machi:
wazee sita wa magazeti,
mwalimu mstaafu anayesahihisha tahajia za magazeti hayo
kwa kalamu nyekundu,
na kwenye safu ya vijana, sifuri, sifuri, sifuri.
Si kwamba hawakuja.
Walikuja kwenye soketi.
Soketi moja, chini ya rafu ya Kilimo,
simu nne zikining'inia kama popo,
wenyewe wako barazani, migongo juu ya kibao
nilichokipaka rangi kwa mkono wangu:
KIMYA. USILE. USIEGEMEE.
Nikaandika: hakuna. Nikagonga muhuri.

Mvua ya Aprili ndiyo iliyowaingiza.
Bati lilipiga kelele kuliko kibao changu.
Sare zilizolowa, chaki iliyolowa,
viatu vimebeba nusu ya udongo wa Isevya.
Limbu alivuta kitabu apate cha kukalia,
sakafu ilikuwa baridi.
Kitabu kisicho na jalada, kisicho na jina.
Kabla hajakikalia, kilifunguka:
usiku wa manane karani wa stesheni
anakabidhiwa sanduku
na abiria ambaye hayumo kwenye orodha.

Siku ya nne, saa kumi jioni, alipiga ukelele.
"Mzee Kasubi! Zingine ziko wapi?"
Karatasi sita zimenyofolewa mwishoni,
kurasa kumi na mbili,
mshono umebaki na meno tu.
Mdomo wangu ulikwisha kulitengeneza neno faini.
Sijui ni nini kilichonigeuza ulimi.
"Wewe unadhani sanduku lina nini?"
Miaka ishirini na sita kazini,
na swali langu kwa msomaji siku zote lilikuwa
mbona umechelewa.

Limbu akasema: barua.
Mlekwa, aliyefuata chaji,
akasema halina kitu, ndiyo maana ni zito.
Mwingine akasema wote hawajui kusoma.
Magazeti yakashuka, macho sita ya wazee yakachungulia.
Mimi nilikitazama kibao,
kibao kikanitazama,
hakuna kati yetu aliyesema kimya.

Nilikuwa na leja ya Vitabu Vilivyoagizwa,
safi, maana fedha za kuagiza hazijaja tangu leja inunuliwe.
Nikaiweka kando ya kitabu, na kalamu kwa kamba.

Kufika Juni, miisho kumi na tisa.
Mmoja umeanza kwa Kiswahili ukaishia Kinyamwezi,
hasira zilipopanda.
Wa Ngasa unanata: aliuandika akila asali,
sisimizi wakausoma kabla yangu.
Nao mwalimu mstaafu alisahihisha yote kumi na tisa,
halafu chini, kwa penseli, kwa herufi ndogo sana,
akaandika wa ishirini.

Jumamosi moja stesheni, nikingoja mgeni wa treni ya Kigoma,
nilinunua karanga.
Nilipoikunjua pakacha ya karatasi, nikamwona karani,
na mkono wake juu ya kufuli.
"Mama, una karatasi nyingine za hivi?"
Alikuwa nazo tano, chini ya sinia.
Nilizilipia kama karanga.
Nilisoma nimesimama, chini ya taa, chumvi vidoleni.
Kusema kweli, ni mwisho wa kawaida.
Mtu anaoa.

Jumatatu nilimpa Limbu bahasha.
Aliipima kiganjani, kama mtu anayenunua tumbaku,
akainusa, akacheka: "Karanga."
Akairudisha, haijafunguliwa.
"Kaa nazo, Mzee. Leja bado ina nafasi."

Leo, safu ya vijana: thelathini na mmoja.
Kibao kipo, wamekiegemea mpaka rangi ya USI imefutika.
Nimeandika kuomba soketi ya pili.
Ofisi haijajibu.