Spoki Arobaini

Saa moja na nusu nasaini kitabu cha mahudhurio,
kalamu yake imefungwa kamba kama mbuzi wa hitima.
Dirisha namba tatu, bili za maji, Tanga mjini:
kioo, tundu la nusu duara, mikono ya watu.
Miaka kumi na minne, naijua mikono kuliko nyuso.
Wa Chumbageni hulipa kwa noti zilizonyooka,
wa Ngamiani kwa sarafu zinazonukia vitumbua,
na mama mmoja wa Mikanjuni huisema mita yake
kana kwamba ni mke mwenza.

Mshahara huingia tarehe ishirini na nne.
Msinielewe vibaya, nauheshimu.
Ndio uliomlipia mdogo wangu ada ya chuo,
ndio uliobadilisha bati la upande unaovuja,
ndio unaonunua dawa za presha za mama.
Anayeutukana mshahara
hajalala na deni kitanda kimoja.

Lakini jioni, uani, Barabara ya Kumi na Tano,
navua viatu vya ofisi, najifunga kanga yenye grisi,
nageuza baiskeli miguu juu.
Mji huu huenda kwa magurudumu mawili
na magurudumu hupinda: mashimo,
magunia ya machungwa ya Muheza,
wapenzi watatu kwenye kiti kimoja.
Ringi iliyopinda nikiizungusha husema
fyuu, fyuu, ta.
Fyuu, fyuu, ta.
Hiyo ta ndiyo ninayoitafuta.
Nakaza ya kushoto robo mzunguko, nalegeza ya kulia,
nagonga kwa kucha, nasikiliza:
iliyokaza hulia juu, iliyolegea hukohoa.
Nilijifunza kwa kuharibu ya kaka, nikachapwa.
Siku ringi inapozunguka kimya
husahau kama nina njaa.

Nikamwambia Bi Mwanakhamisi wa masijala, nataka kuacha.
Hakucheka. Aligeuza bahasha, akaandika:
kodi ya fremu (nikadhani fremu ya baiskeli),
leseni, bima, mwezi wa mvua usio na wateja.
Akapiga mistari miwili chini.
"Subiri hamsini na tano, mwanangu.
Kiinua mgongo kitakununulia duka zima."
Kiinua mgongo!
Nilitembea na neno hilo hadi nyumbani.
Kumbe wanajua mgongo utakuwa umeinama.

Sekiondo wa dirisha namba moja
alinunua kinanda, akakiweka juu ya kabati mpaka astaafu.
Mwaka jana tulikwenda kumjulia hali,
vidole vimejikunja kama tangawizi.
Kinanda bado kimevaa nailoni ya dukani.
Sikutaka kukitazama. Nilikitazama.

Na Mwanahawa, nisimfiche:
aliacha kazi akafuga kuku,
wakafa wote wiki moja.
Leo anauza vocha nje ya geti letu,
na akiniona hushusha mwavuli.

Basi sikuandika barua ya kishujaa.
Niliomba likizo bila malipo, miezi sita.
Nikafuta "kwa unyenyekevu mkubwa", nikaacha "naomba".
Mama aliisoma, akauliza neno moja tu:
"Na dawa zangu?"
Ta.
Nikamwekea mezani za miezi sita.
Akazihesabu mara mbili, akaingia ndani,
akatoka na kanga nyingine, kuukuu zaidi.

Gurudumu la nyuma lina spoki arobaini.
Rajabu ijayo nami nafikisha arobaini.
Barua imo mkobani siku ya tisa, pembe zimeanza kulika.

Leo, kwenye tundu la kioo, umeingia mkono wa kijana,
grisi kwenye kucha, sawasawa na wangu.
Amesogeza bili, ameinama:
"Samahani, dada. Si wewe fundi wa ringi, Barabara ya Kumi na Tano?"
Foleni imenyamaza. Meneja amesimama mlangoni na chai yake.
Nimegonga muhuri.
Nimesema, ndiye,
kwa sauti ya kufika mlangoni.